Haki ya Aliye Mbali

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika darsa yetu tumekwisha kusoma haki za wazazi, na haki za jirani, na haki za mke na mume. Hatukupata hata siku moja kuulizwa juu ya haki ya mtu aliyetoka mjini kwetu akaenda kukaa mbali kwa kutafuta riziki. Na sababu yake ni dhahiri: aliye mbali hayupo msikitini kuuliza. Basi somo la mwezi huu ni lake yeye. Na jambo tutakalolithibitisha ni moja, nalo ni kuwa kumwandikia waraka mtu aliye mgeni na mpweke ni haki yake juu yetu, wala si hisani tu. Na kwamba tusipomwandikia sisi, wako watakaomwandikia.

WANA WETU WALIOKO NAIROBI

Ni nyumba chache katika Lamu, Malindi na Mombasa zisizo na mwana aliyeko Nairobi. Mwenye jamaa na uwezo hukaa na jamaa zake. Asiye na uwezo hutafuta chumba penye kodi nyepesi, akaangukia Kibera au Kawangware. Nawaeleza wasiofika huko: Kibera iko kusini-magharibi ya mji, na reli yapita katikati yake. Kawangware iko upande wa magharibi, karibu na majumba makubwa ya Lavington, na watu wengi wa Kawangware hupata riziki yao katika majumba hayo, kwa ubawabu, upishi, ufuaji na utunzaji wa bustani. Nao wa Kibera wengi huondoka alfajiri wakaenda kwa miguu mpaka kwenye viwanda, ili nauli ibaki iwe chakula.

Wala Kibera si pahali pageni kwa Uislamu. Waliopewa kukaa huko mwanzo wa karne iliyopita ni askari wa Kinubi, asili yao Sudan, waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Na wao ndio walioiita Kibra, maana yake mwitu. Mwaka 1918 serikali ya Kiingereza iliitangaza ardhi hiyo, ekari 4,197, kuwa ya jeshi. Jina la mtaa wa Laini Saba hata leo lakumbusha viwanja vya shabaha vya askari hao. Ilipofika mwaka 2017, baada ya madai ya miaka mingi, jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288. Watu hawa wayajua machungu ya kutengana. Kizazi kwa kizazi wanaume wao walichukuliwa kwenda vita vya mbali, na mwaka 1944 majeshi ya Afrika Mashariki yalikuwa yakipigana Burma. Ndugu msomaji, fikiri hali ya mama wa askari zama hizo: kati yake na mwanawe pana bahari nzima, wala hana cha kumtuliza moyo ila karatasi ya mkono wa mwanawe.

Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu 170,070 katika Kibera. Vyumba vimeshikana, ukuta ni wa udongo au wa mabati, na mtu akikohoa jirani humsikia. Huenda mtu akashangaa akasema: katika msongamano huu upweke watoka wapi? Jawabu yake ni kuwa upweke si uchache wa watu. Upweke ni kukosa mtu ajuaye kuwa jana ulikuwa mgonjwa, na leo akakuuliza umeamkaje. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwezi wa Juni 2025 limesema kuwa mtu 1 katika kila watu 6 duniani ana upweke, na kwamba upweke hudhuru mwili kama unavyodhuru moyo. Basi tusidhani kuwa hili ni deko la vijana.

NILIYOYAONA KAWANGWARE

Niliwahi kulala usiku mmoja Kawangware, katika chumba cha kijana wa mtaani kwetu, ambaye nimemsomesha juzuu Amma alipokuwa mdogo. Sasa ni bawabu wa usiku katika nyumba ya watu. Alinikirimu kwa alichokuwa nacho. Baada ya kula akanipa simu yake mkononi, akaniambia, "Sheikh, hebu soma mwenyewe walioniandikia leo."

Nikasoma. Zilikuwa khabari kumi na moja. Nne zilitoka kwa watu wa kamari, zamwambia kuwa bahati yake i karibu. Tatu zilitoka kwa wakopeshaji wa simu, mmoja amwita achukue deni na wawili wamdai. Mbili zilikuwa matangazo. Mbili zilizobakia zilitoka nyumbani, na zote mbili hazina salamu wala suali. Neno lililomo ni kutuma tu, tuma kadha kwa haja kadha.

Akasema, "Sheikh, watu wa kamari peke yao ndio waniitao kwa jina langu."

Nikamwuliza, "Na mama yako, mwanangu?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama huniombea, najua. Lakini nikiwa sina cha kutuma naona haya kupiga simu. Imekuwa miezi mitatu."

Nimelala usiku ule nikiyafikiri maneno hayo. Nimeona kuwa kijana huyu hakusahauliwa na dunia. Dunia yamwandikia kila siku. Waliomsahau ni sisi.

KISA CHA KAAB BIN MALIK

Jambo hili lilimpata mtu bora kuliko sisi, na kisa chake kimo katika Bukhari na Muslim. Kaab bin Malik (r.a.) alibaki nyuma asiende vita vya Tabuk, mwaka wa tisa wa Hijra, bila ya udhuru. Alipoulizwa alisema kweli wala hakuzua uwongo. Mtume (s.a.w.) akaamrisha watu wasiseme naye, yeye na wenziwe wawili, mpaka Mwenyezi Mungu awahukumu. Wale wawili wakakaa majumbani mwao wakilia. Kaab alikuwa kijana kuliko wao, naye alitoka akaenda msikitini na sokoni, wala hapana aliyemsemesha. Mji ni ule ule na watu ni wale wale, lakini kwake yeye ardhi yote ilikuwa ngeni.

Katika hali hiyo, siku moja yuko sokoni, alitokea mkulima wa Sham aliyeleta chakula kuuza, akawa auliza ni nani atakayemwonesha Kaab. Akampa waraka. Waraka ule umetoka kwa mfalme wa Ghassan. Mfalme amesikia kuwa Kaab ametupwa na watu wake, basi amwita aende kwake apate heshima na kuliwazwa. Kaab alipokwisha kuusoma alijua kuwa huo nao ni mtihani, akauchukua akautia katika tanuri ya moto.

Tutazame mafunzo ya kisa hiki. La kwanza, yule mfalme alijua wakati wa kuandika. Hakumwandikia Kaab alipokuwa na furaha katikati ya ndugu zake. Alingoja mpaka amekuwa peke yake. Na hivi ndivyo wafanyavyo wote wanaowinda watu: wa kamari, wa riba, wa ulevi, na wale wanaowavuta vijana katika fitina na umwagaji wa damu kwa jina la dini. Wote hao humtafuta mpweke, wakamwita kwa jina lake.

La pili, Kaab aliutia waraka motoni kwa kuwa imani yake ilikuwa imani ya sahaba. Je, twaweza kumtaka kila kijana wa miaka ishirini, mwenye njaa na deni, awe na tanuri kama ile?

La tatu, na hili ndilo zito zaidi. Kule kuhamwa kwa Kaab kulikuwa ni amri, kwa sababu na kwa muda, na baada ya siku khamsini toba yake ilikubaliwa. Sisi wana wetu tumewahama bila ya amri, wala bila ya kosa, wala bila ya muda.

Na toba yake ilipokubaliwa, Kaab aliingia msikitini, na Talha bin Ubaidillah (r.a.) akasimama akamkimbilia, akampa mkono na kumpongeza. Kaab amesimulia kisa hiki alipokuwa mzee, naye asema kuwa jambo hilo la Talha hakulisahau. Tendo la dakika moja lilikaa moyoni umri mzima.

USHAHIDI KUTOKA KWA MATABIBU

Elimu ni ya Muislamu popote aipatapo. Katika mji wa San Francisco, Marekani, alikuwako tabibu wa maradhi ya moyo na akili aliyeitwa Jerome Motto. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa askari, na barua alizoletewa huko vitani zilimfunza thamani ya barua. Kuanzia mwaka 1969 aliwachunguza watu waliolazwa hospitali kwa kukata tamaa na kutaka kujidhuru. Miongoni mwao wako 843 ambao baada ya kutoka hawakutaka tena matibabu. Akawagawa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja hawakuandikiwa kitu. Fungu la pili waliandikiwa barua fupi, na kwa aliyefuatwa miaka yote 5, barua hizo zilikuwa 24. Barua zile hazikuwa na dawa wala nasaha wala madai. Zilikuwa na maneno machache ya kumwambia mtu kuwa wamemkumbuka na wamtakia hali njema, na akipenda kuwajibu watafurahi.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Katika miaka miwili ya kwanza, waliojiua katika wale walioandikiwa walikuwa wachache kuliko katika wale wasioandikiwa. Hatusemi kuwa waraka ni dawa ya kila ugonjwa, wala majaribio yaliyofuata hayakuleta natija sawa mahali pote. Aliye mgonjwa apelekwe kwa tabibu. Lakini kujiua ni dhambi kubwa na msiba mkubwa, na ikiwa karatasi yenye mistari mitatu huenda ikamrudisha mtu kwenye uhai, basi tutajibu nini kesho tukiulizwa kwa nini tuliizuia?

Na angalia sharti moja iliyomo katika barua zile: hazikutaka kitu. Hapo ndipo penye siri yote.

HUKUMU YA SHERIA

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 86, tunapoamkiwa kwa maamkio yoyote tuitikie kwa yaliyo mazuri zaidi au kwa mfano wake. Na wanazuoni hawakuiweka amri hii kuwa ni ya mdomo peke yake. Imamu Bukhari katika kitabu chake Al-Adab al-Mufrad amepokea kuwa Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akiona kuujibu waraka ni haki kama ilivyo haki kuitikia salamu. Naye Imamu Nawawi katika Al-Adhkar ametaja kauli ya wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, kwamba mtu akiletewa waraka wenye salamu yampasa aitikie salamu hiyo unapomfikia. Basi mwenye kutupa barua ya ndugu yake bila ya jawabu ajue kuwa ameacha haki.

Ama kuanza kuandika, hilo laingia katika kuunga kizazi, na ubaya wa kuukata kizazi haujifichi kwa Muislamu. Na asiseme mtu, "Yeye hakuniandikia, nami sitamwandikia." Mtume (s.a.w.) ametufunza katika hadithi iliyomo katika Bukhari kuwa muungaji wa kweli si yule alipaye mfano wa alivyofanyiwa, bali ni yule ambaye jamaa zake wakimkata, yeye huwaunga.

Na kuwaangalia walio mbali na jamaa zao ni sera ya Sayyidna Umar (r.a.). Watungaji wa khabari zake wamesimulia kuwa alikuwa akizipeleka yeye mwenyewe barua za askari majumbani kwa wake zao, akawaambia siku atakayoondoka mjumbe ili wapate kujibu. Asiyekuwa na wa kumsomea, Umar humsomea naye amesimama nje ya mlango. Na asiyekuwa na wa kumwandikia, humwandikia. Huyu ndiye Khalifa ambaye majeshi yake yalizishinda Fursi na Rumi. Hakuona kuwa kazi ya kuwaandikia wanawake barua ni ndogo kwake. Je, sisi tuna shughuli kubwa kuliko zake?

MASUALI NA MAJAWABU

Huenda akasema mtu: Simu imekwisha kutuondolea haja ya barua. Jawabu: Simu ni neema, na kwa jambo la haraka ndiyo ifaayo. Lakini tulipata mtihani mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, njia za kuingia na kutoka Nairobi zilipofungwa kuanzia tarehe 6 Aprili mpaka tarehe 7 Julai. Ramadhani na Idi zikaingia humo, na misikiti imefungwa. Simu zilikuwa zikifanya kazi, na hata hivyo watu waliona upweke. Kwani simu huleta sauti, kisha sauti ikaondoka, tena mara nyingi huondoka pamoja na pesa zilizomo kabla ya neno la maana kusemwa. Waraka hukaa. Mtu huusoma akirudi kazini, akausoma tena usiku asipopata usingizi, akauweka chini ya mto. Na zaidi ya hayo, mwenye kuuona hujua kuwa kuna mtu aliyekaa kitako nusu saa, hana la kufanya ila kumfikiri yeye.

Huenda akasema: Barua ni desturi ya Wazungu. Jawabu: Hilo si kweli. Katika maandishi ya Kiswahili yaliyobakia, yaliyo makongwe kabisa ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na hata leo zimehifadhiwa Goa, Bara Hindi. Wazee wetu walipeleka nyaraka kwa majahazi mpaka Hadhramaut na Maskati, na msemo wao ni huu tuujuao sote: waraka ni nusu ya kuonana. Twausema msemo na waraka tumeuacha.

Huenda akasema: Mama yake hajui kuandika. Jawabu: Mwenyezi Mungu katika aya ya deni, Suratul-Baqara aya ya 282, amemkataza mwandishi asikatae kuandika, kwa kuwa elimu hiyo amepewa na Yeye. Ikiwa hivyo ni katika mali, basi katika kutuliza moyo wa mama na mwanawe ni aula zaidi. Tunao watoto wengi wa skuli na wa chuo wanaojua kuandika. Mtoto akimwandikia bibi yake waraka hupata thawabu, akajifunza adabu, akasikia maneno ya wakubwa.

Huenda akasema: Hana anwani. Jawabu: Ni kweli kuwa vichochoro vya Kibera na Kawangware havina nambari za nyumba, na desturi ya Posta yetu ni kutia barua katika masanduku, si kuzileta mlangoni. Lakini barua yaweza kupita katika sanduku la msikiti, au la skuli, au la mwajiri wake, kwa idhini yao. Isipopatikana njia hiyo, mabasi yaondoka kila siku, na gari la moshi jipya lapita tangu mwaka 2017, na hakosekani msafiri mwaminifu. Mwenye nia hukosa sanduku lakini hakosi njia.

Huenda akasema: Sina la kusema. Jawabu ya huyu imo katika mlango unaofuata.

ADABU ZA WARAKA

Ya kwanza, aanze kwa jina la Mwenyezi Mungu kama alivyoanza Nabii Sulaiman (a.s.) katika waraka wake kwa malkia wa Saba, uliotajwa katika Suratun-Naml; kisha salamu kamili, na amtaje mtu kwa jina lake analoitwa nyumbani. Wala asizidishe maamkio yakajaza karatasi hata pasibaki pahali pa khabari.

Ya pili, asitake kitu. Ikiwa kuna haja ya pesa, na ipelekwe kwa njia nyingine na siku nyingine. Waraka wa mapenzi ukitiwa dai, msomaji husoma dai peke yake.

Ya tatu, aandike khabari ndogo ndogo. Hapa ndipo ilipo jawabu ya asemaye hana la kusema. Aliye mbali hataki khutba. Ataka kujua kuwa mwembe wa uani umezaa, kuwa kisima cha msikiti kimetiwa pampu, kuwa fulani ameoa, na kuwa jina lake lilitajwa siku ya khitima. Khabari hizo ndizo zimwambiazo kuwa pahali pake hapajakaliwa na mtu.

Ya nne, asimlaumu wala asimpime kwa mwana wa jirani aliyejenga. Kijana aliye na haya hujificha, na lawama humzidishia maficho.

Ya tano, waraka ni amana. Mwenye kuuchukua asiufungue, na mwenye kuusomea mtu asitangaze yaliyomo. Iko hadithi katika Abu Daud juu ya mwenye kuangalia waraka wa nduguye bila ya ruhusa, na wanazuoni wameidhoofisha isnadi yake. Lakini katazo la kupeleleza siri za watu ni thabiti katika Suratul-Hujurat, aya ya 12. Na mwanamume asifanye waraka kuwa kisingizio cha kumwandikia mwanamke asiye maharimu yake. Mabinti zetu wanaotumikia majumba ya watu huko Nairobi na waandikiwe na mama zao, na dada zao, na baba zao, na ndugu zao.

Ya sita, auandike kwa ajili yake yeye peke yake. Nalisema hili kwa kuwa imeenea bidaa ya nyaraka zisizo na mwenyewe. Wazee wawajua ule waraka wa ndoto inayonasibishwa kwa Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume, umtakao mtu aunakili na kuusambaza, na kumtisha kwa msiba asipofanya. Ni uzushi, na wanazuoni wameukanya, akiwamo Sheikh Abdul-Aziz bin Baz. Leo mfano wake ni picha za maua na dua zinazorushwa katika simu kila Ijumaa kwa watu mia kwa pigo moja la kidole. Huko si kumkumbuka mtu. Waraka wa kila mtu si waraka wa mtu yeyote.

Ya saba, adumishe. Barua moja kila mwezi kwa mwaka mzima ni bora kuliko barua kumi katika wiki moja kisha kimya. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo ijapokuwa chache.

Na wewe kijana uliye mbali, ukisoma karatasi hii, una wajibu wako pia. Usingoje mpaka uwe na cha kutuma ndipo upeleke salamu. Mzazi hakukuzaa kwa ajili ya pesa, na kimya chako chamuumiza kuliko ufukara wako. Na katika Kibera na Kawangware wako Waislamu wenyeji waliokutangulia huko. Ujulishe msikiti jina lako na chumba chako, ili ukikosekana safu mbili tatu wajue wa kukuuliza.

KHATIMA

Niliporudi kutoka Nairobi nilimwendea mama wa yule kijana. Sikumwambia yote. Nilimwambia tu kuwa mwanawe ataka kujua hali yake. Akasema, "Sheikh, mimi naona haya. Kila nikimwita ni kwa shida." Basi akamwita mjukuu wake asomaye darasa la sita, akaketi naye ukumbini, akasema naye akaandika. Ukurasa mmoja haukutimia. Mlikuwa na salamu, na khabari ya paka aliyezaa juu ya kabati, na kwamba mama ameshona kofia mpya nusu, na nusu iliyobaki angoja kujua kichwa cha mwanawe kimekuwa kikubwa kiasi gani. Mwisho wake akasema: andika kuwa sitaki kitu.

Waraka ulikwenda kwa mkono wa dereva. Baada ya wiki mbili jawabu ikaja, na ndani yake mna uzi. Kijana amezungusha uzi kichwani mwake, akaukata, akautia katika bahasha.

Ndugu Waislamu, kofia hiyo imekwisha. Lakini mtaani kwetu peke yake nimehesabu vijana na mabinti ishirini na mmoja walioko Nairobi, na walio na mtu wa kuwaandikia sikuwaona kutimia watano. Tumekubaliana katika darsa yetu kuwa siku ya Alkhamisi, baada ya sala ya Alasiri, patawekwa karatasi na kalamu katika baraza ya msikiti, na wenye kujua kuandika watakaa kuwaandikia wasiojua, bila ya ujira. Kila aliye na mtu mbali naje na jina lake. Na asiyekuwa na mtu atapewa mmoja katika wale wasiokuwa na wa kuwaandikia, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu walioko ugenini, awape riziki ya halali, awarudishe kwetu salama, na atuamshe sisi kabla ya wengine kuwaandikia.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.